Vina Saba

Sokoni, mezani kwangu
Tarehe 3 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua utaniamkia kabla hujamaliza kufungua bahasha, nami nimeitikia mapema, tumemalizana.

Kabla ya yote nikuambie jambo ambalo mama yako hatakuambia kamwe, maana dada yangu ana wivu na mimi tangu tukiwa tunagombania ukoko wa sufuria: soko hili bila mimi halifunguki. Mlinzi ana ufunguo, sikatai. Anafungua, geti linalia, watu wanasimama palepale nje wakinyoosha shingo. Mpaka wasikie kisu changu kikigonga gogo, ko, ko, ko, ndipo wanaambiana, "Haya, Vipande Nane yupo, tuingie." Mwaka juzi niliumwa jino siku mbili. Siku hizo mbili hata muuza nyanya hakuuza nyanya.

Sasa kwenye kazi yako. Dereva wa boksi la barafu anakuletea mifuko kumi na mitano, kama ulivyoagiza. Kumi ina vijiti vya pamba nilivyovipitisha kwenye sakafu za mabanda kumi ya kuku, na kila mfuko nimeuandika jina la mwenye banda. Mitano ina shingo za kuku kutoka mabanda matano tofauti kati ya hayo kumi, nimezikata hapa mezani. Glavu nilibadilisha kila banda. Kwa fundi viti kuna jogoo alitaka kunijaribu. Nilimtazama tu. Akageuka akaenda kulala, saa nne asubuhi.

Simu yangu usiitafute. Ilitumbukia kwenye pipa la maji ya moto ya kunyonyolea, ikaiva. Tutaandikiana kupitia kwa huyu dereva, barua juu ya barafu, mambo ya watu wakubwa.

Habari ya mji ni mafundi magari. Walikuwa na mkutano wao wa mwaka, wakala kuku, na kumi na tisa wakaishia hospitali wameshika matumbo. Wanaendelea vizuri, ila fundi rangi bado ana dripu. Kuku walitoka kwa Bi Trei, jirani yangu wa mayai, arobaini jumla, na niliwakata mimi wote kabla chai haijapoa. Nakuambia ujue kasi yangu tu.

Ila nikuulize kwa faragha. Mama yako anatangaza mtaa mzima kwamba binti yake amesoma miaka kumi na minane. Miaka kumi na minane, halafu unaniagiza kinyesi cha kuku? Unatafuta nini humo? Nieleze polepole. Mimi nilisoma mpaka pale mwalimu aliposema ninatosha.

Mjomba wako,
Vipande Nane


Maabara, chumba cha mwisho
Tarehe 8 Machi

Mjomba,

Shikamoo ya pili, ile ya kwanza ulijichukulia mwenyewe.

Mifuko imefika ikiwa baridi, na mwandiko wako unasomeka kuliko wa madaktari wote wa hapa. Ninachotafuta ni kijidudu kinachoitwa salmonela. Kuku anatembea nacho kama wewe unavyotembea na hadithi zako: mwenye nazo hazimdhuru, anadhurika anayezila.

Shida ni kwamba kwa hadubini salmonela zote ni vijiti vilevile, huwezi kusema huyu ametoka banda hili na yule banda lile. Kwa hiyo tunaangalia vinasaba vyake. Kuna njia zaidi ya moja ya kufanya hivyo, na kazi yangu ya kumalizia shahada ni kuzilinganisha, nione ipi inasema kweli na ipi inabahatisha. Ya zamani ni ya kukata. Tunavikata vinasaba kwa dawa iliyo kama mkasi, kisha tunaviburuta vipande kwa umeme ndani ya jeli. Vikubwa vinachelewa, vidogo vinatangulia, na mwishowe tunaona mistari. Utaipenda hiyo, ni ya watu wa visu. Baadaye ikaja njia ya kusoma sehemu saba tu zilizochaguliwa. Siku hizi kuna mashine inayosoma yote, mwanzo hadi mwisho, herufi milioni tano kasoro kidogo. Hiyo ni ghali, mashine ni moja, na foleni yake ni ndefu kuliko ya kisimani.

Nikuambie kitu kilichonirusha kwenye kiti jana. Hospitali ilituletea salmonela ya wale mafundi magari. Nikaiweka kwenye jeli pamoja na zako. Mistari yake inafanana na ya banda la Bi Trei! Nikaenda kwenye sehemu saba: saba kwa saba, zinafanana. Usimwambie mtu, Mjomba. Njia ya tatu bado, na bosi wangu hajasaini chochote.

Huyo jogoo wa fundi viti alikuwa mkubwa kiasi gani?

Mpwa wako,
wa vijitivijiti


Sokoni
Tarehe 12 Machi

Mpwa wangu, daktari wangu, jaji wangu,

Barua yako imeleta tetemeko. Niliisoma pale benchi la kinyozi, kwa sauti ya kawaida tu, sikupaza. Kama waliokuwa ng'ambo ya barabara walisikia, hayo ni masikio yao.

Kinyozi alinikatiza: "Vinasaba ndiyo nini?" Mpwa wangu, wewe ulisoma miaka kumi na minane, mimi nililielewa neno hilo papo hapo. Nikamwambia, likate katikati. Vina. Saba. Vijidudu vina saba! Kila kijidudu kina vitu vyake saba, kama wiki ilivyo na siku zake. Mpwa wangu amevipima vyote saba, vya mafundi na vya Bi Trei, na saba kwa saba vimefanana. Kinyozi akauliza, "Na hiyo njia ya tatu?" Nikamjibu, ukishapata saba kwenye saba, ya nane unaitafutia nini? Benchi zima likapiga makofi.

Kumbe kwenye kiti alikuwepo Bwana Afya, ofisa wa afya wa soko, povu nusu uso. Akasimama hivyohivyo, shavu moja limenyolewa na jingine lina msitu, akaenda moja kwa moja kwa Bi Trei. Amezungushia banda lake utepe mwekundu na kubandika karatasi: siku kumi na nne. Isipoonekana sababu nyingine, tarehe 26 kuku wote mia tatu watauawa na kufukiwa kwa chokaa, na banda lisifunguliwe tena.

Nilikwenda kumpa pole, maana mimi ni mtu wa watu. Akaniuliza, "Umeisoma mwenyewe hiyo barua?" Nikasema ndiyo. "Mpwa wako ameandika ni kuku wangu?" Nikasema saba kwa saba. Hakupiga kelele. Mtu akipiga kelele najua pa kumshika. Huyu alivua aproni, akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, mpaka ikawa ndogo kama kitabu cha sala, akaishika mkononi.

Miaka kumi na mmoja ananiletea kuku, huyu. Lakini sayansi ni sayansi, au siyo?

Mjomba wako,
Vipande Nane, shahidi wa serikali


Maabara
Tarehe 14 Machi

Mjomba!

Leo sina shikamoo.

Ni nasaba, Mjomba. Nasaba. Ukoo, asili, mtu katoka tumbo gani. Vinasaba ni vile vitu vidogo ndani ya kiumbe vinavyobeba nasaba yake. Hakuna saba hapo! Salmonela moja ina sehemu zaidi ya elfu nne, na njia ya pili inachungulia saba tu. Umemhukumu jirani yako kwa kurasa saba za kitabu cha kurasa elfu nne, tena kwa kulikata neno kama kuku.

Na soma tena nilichoandika. Niliandika "inafanana". Sikuandika "ndiyo hiyohiyo". Wewe na mama yangu mmefanana mpaka tundu za pua. Ukivunja dirisha la mtu, aje akamatwe mama?

Salmonela ya ukoo huu ndiyo iliyojaa kwenye kuku kila mahali. Mistari yake hufanana hata kama vijidudu havijawahi kukutana. Njia ya kwanza na ya pili zinaona ukoo. Hazijui kutenganisha ndugu wa tumbo moja na binamu wa mbali. Hilo ndilo nililokuwa nataka kulionyesha kwenye kazi yangu, na sasa limeonyeshwa juu ya mgongo wa Bi Trei.

Sijitoi. Kosa la kwanza ni langu, nilikuandikia kitu ambacho hakijasainiwa kwa sababu nilifurahi na sikuwa na mtu wa kumwambia. Nimemwomba mwenzangu wa chumba cha pili anipe zamu yake ya mashine. Amekubali. Nitazisoma zote, za mafundi, za mabanda kumi na za zile shingo tano, herufi kwa herufi. Itachukua wiki.

Rudi kwa kinyozi uwasomee na hii. Kwa sauti ileile.

Mpwa wako


Sokoni
Tarehe 17 Machi

Mpwa wangu,

Nimesoma. Mwanamume halisi haogopi benchi. Kuanzia juzi sokoni siitwi tena Vipande Nane, naitwa Vina Saba. Hata mlinzi wa geti, ambaye nilimfundisha mimi kufunga tai, ananiambia, "Vina Saba, habari za wiki?"

Bwana Afya nilimsomea pia. Akasema karatasi ikishabandikwa haibanduliwi kwa barua ya mpwa, inabanduliwa kwa barua yenye saini na muhuri.

Lakini kuna neno lako lilinikaa kooni kama mfupa: kufanana. Nikasema ngoja, mimi ni mtu wa visu, nijaribu kwa kisu. Nikachukua kuku wawili, umri mmoja, rangi moja, mmoja wa Bi Trei niliyekuwa naye kwenye barafu tangu kabla ya utepe, mmoja wa fundi viti. Nikawakata vipande nane nane, vidari, mapaja, miguu, mabawa. Kinyozi akavichanganya kwenye beseni nikiwa nimegeuka. Kisha nikavipanga upya, kuku huyu huku, kuku yule kule. Nilijiamini, mpwa wangu. Nilipanga huku naimba.

Kinyozi alikuwa ameweka uzi kwenye vya Bi Trei, chini ya ngozi. Kufunua: nimechanganya bawa, nimechanganya paja, kidari ndiyo usiseme. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Mimi! Nikaweka kisu chini, watu wakanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Basi nikaelewa. Ukimkata, kila kuku anakuwa kama kuku. Paja ni paja. Ndiyo hiyo njia yako ya kwanza, siyo? Mara ya nne nikaacha kuangalia vipande, nikaangalia vitu vidogo: kinyoya kilichobaki hapa, kovu la kudonolewa pale. Nikapata karibu vyote. Sasa niambie, maana silali: hizo herufi zenu, zinatofautianaje kama wote ni ukoo mmoja? Nani anaziandika upya?

Bi Trei amekatazwa kuuza, lakini kuku hawajui kusoma karatasi, wanataga tu. Trei zimefika dirishani. Nilimkuta amekaa katikati yake. Akaniuliza bila kunitazama, "Hivi hawa wanajua wamepangiwa siku?" Nikatafuta hadithi ya kumchekesha. Ninazo elfu, unanijua. Haikuja hata moja.

Mjomba wako


Maabara
Tarehe 21 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Ile ya kuku wawili nimemsomea bosi wangu. Amecheka mpaka akavua miwani, halafu akasema huyo mjomba wako ameeleza kwa beseni moja kile ulichonieleza kwa kurasa arobaini. Usivimbe sana.

Umeuliza nani anaziandika upya. Kijidudu kikizaa, kinajinakili chenyewe, na kila anayenakili mwisho huchapia. Herufi moja hapa, miezi ikapita, herufi nyingine pale. Ni kama hadithi yako ya jogoo. Kwangu uliandika alikwenda kulala. Mama ananiambia ulimwambia alipiga magoti. Kinyozi, nasikia, anasimulia kwamba aliomba msamaha. Ukihesabu machapio unajua hadithi imetembea kiasi gani, na nani aliisikia kwa nani.

Sasa sikia. Mashine imemaliza.

Kati ya mafundi wenyewe, tofauti ni sifuri au herufi moja. Waliambukizwa mahali pamoja. Kati ya mafundi na banda la Bi Trei, tofauti ni herufi arobaini na sita. Arobaini na sita, Mjomba! Ni binamu wa mbali ambao hata msibani hawakutani. Salmonela ya Bi Trei ipo, atapaswa kusafisha banda kama wengine wanne niliowakuta nayo, lakini haikuwalaza mafundi hospitali.

Nilipaswa kufurahi nikaishia hapo. Lakini kuna zile shingo tano ulizoniletea, kuku watano kutoka mabanda matano. Zote tano zina salmonela ya mafundi. Sifuri, moja, mbili, haizidi hapo. Na kwenye sakafu za mabanda hayo matano haipo hata kidogo, wala kwenye mabanda mengine. Nimerudia mara mbili nikidhani nimechanganya vichupa.

Kwa hiyo kuna mahali ambapo kuku wa mabanda yote wanapita, wakiwa wameshachinjwa, na wanaondoka hapo na kijidudu kimoja. Kwao hawakuwa nacho. Wamekipata njiani.

Mahali gani, Mjomba? Nakuuliza kama mpwa, mimi si askari.

Bosi amekataa kusaini barua kwa Bwana Afya kwa sasa. Anasema ukimtoa mtu kwenye lawama, onyesha lawama inakaa wapi, la sivyo itarudi usiku kumtafuta. Nimekuwekea kijiti kimoja cha pamba kwenye boksi. Tafadhali kipitishe kwenye gogo lako, hasa kwenye nyufa, ukirudishe kesho.

Mpwa wako


Sokoni
Tarehe 22 Machi

Mpwa wangu,

Herufi arobaini na sita nimezipokea kwa furaha kubwa. Nimemwambia Bi Trei matokeo ni mazuri. Sikuingia kwenye undani, undani unachosha wanawake wenye mawazo.

Kuhusu mahali, mimi ningeanza na nzi. Soko hili lina nzi ambao hata mimi nawaheshimu. Kuna mmoja namjua kwa sura. Au muulize Kipara, mkataji wa meza ya mwisho, yule anayekata kuku vipande sita na kuviita nane. Kuku wa mafundi hakuwagusa, sawa, lakini upepo unatoka upande wake.

Gogo langu wala usilifikirie. Lina miaka kumi na tisa. Mti wake ulipigwa radi mara tatu, mara ya tatu radi ndiyo ikapasuka. Mzee aliyeniachia meza hii aliniambia gogo kama hili linajisafisha lenyewe, kama paka. Vijidudu vikilikaribia vinapata aibu.

Kijiti nimekipitisha juu, chini, ubavuni na kwenye nyufa, kama ulivyosema. Kimo kwenye mfuko.

Nina kazi nyingi leo, nisamehe kwa ufupi.

Mjomba wako


Maabara
Tarehe 24 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo.

Kijiti chako nilikiweka kwenye chakula cha vijidudu juzi jioni, mara dereva alipofika. Leo asubuhi nimefungua. Hakijaota kitu. Sisemi salmonela, nasema kitu chochote. Kalamu ninayoandikia ina vijidudu. Kitasa cha mlango huu, tunachokifuta kwa spiriti mara tatu kwa siku, kina vijidudu. Gogo la sokoni la miaka kumi na tisa halina hata kimoja?

Kijiti hiki kilitoka kwenye mfuko kikarudi kwenye mfuko. Hakikugusa hata hewa ya meza yako.

Sikuandikii kwa hasira. Nimekaa muda mrefu nikitafuta hasira sikuipata. Nilikumbuka uliponibeba mabegani siku ya kwanza ya shule, ukawaambia walimu kwamba umewaletea mkuu wao mpya. Nadhani unaogopa, na sijawahi kukuona unaogopa, kwa hiyo sijui nikuandikieje.

Lakini keshokutwa ni tarehe 26. Kuku mia tatu, na mwanamke aliyekaa katikati ya trei. Bosi amesema hivi: wewe mwenyewe ukikubali mbele ya Bwana Afya kwamba kuku wa mafundi na zile shingo zote walipita kwenye gogo moja, na ukituma kipande cha gogo lenyewe, yeye anasaini leo kwa herufi arobaini na sita. Barua yenye saini iko kwenye boksi hili, ndani ya bahasha ya kaki. Nimeituma kabla hujakubali. Nimemdanganya bosi kwamba umeshakubali. Mara ya kwanza maishani mwangu natunga hadithi, sijui nimeitoa wapi tabia hiyo.

Na uniambie hilo gogo linaoshwa na nini, na mara ngapi. Ukweli tu, hata kama ni mdogo.

Mpwa wako


Sokoni, saa kumi jioni
Tarehe 25 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba.

Gogo nililibeba begani. Watu wa soko hawakuwahi kuliona likiondoka mahali pake, hata mimi sikujua lina uzito gani. Lilikuwa limeacha duara jeupe sakafuni. Nikapita nalo katikati ya soko, mbele ya kinyozi, mbele ya Kipara, na hakuna aliyetania. Mtu akibeba gogo lake mwenyewe, watu wanadhani amefiwa.

Ofisini kwa Bwana Afya nilimkuta Bi Trei ameshafika, amekuja kuomba wiki moja ya ziada. Nikaliweka gogo juu ya meza, karatasi zikaruka. Bwana Afya akasema, "Nini hiki, Vina Saba?" Nikamwambia, "Ni mahali." Nikafungua bahasha ya kaki nikasoma kila neno, la herufi arobaini na sita, la shingo tano, la mabanda matano. Sikuongeza kitu. Halafu nikasema kwa mdomo wangu kwamba kuku wa mafundi, wote arobaini, niliwakata hapa, na zile shingo pia, na kijiti ulichonitumia sikukitumia. Bi Trei akasimama, akasema, "Kaa basi, umebeba kizito." Akanisogezea kiti chake.

Bwana Afya alisoma saini, akaangalia muhuri kwenye mwanga wa dirisha, akaandika kwa kalamu nyekundu: IMEFUTWA. Alikwenda kubandua utepe mwenyewe. Banda litaoshwa na kukaguliwa kama yale mengine manne, kuku hawaguswi. Meza yangu imefungwa mwezi mmoja. Nimetoka hapo nikaenda hospitali kumwona fundi rangi. Amesharuhusiwa tangu jana, nikamfuata kwake. Aliniita mshenzi, akanipa chai.

Gogo nimelipasua kwa shoka nyuma ya soko. Ndani, vidole vitatu kutoka juu, ni jeusi kama mkaa, na linanuka kitu ambacho siwezi kukiandika kwenye barua ya mtoto wa dada yangu. Kipande kimo kwenye boksi. Kilichobaki nimekichoma. Vijidudu havikupata aibu yoyote, mpwa wangu, vilikuwa vimejenga. Ukizisoma hizo herufi uniandikie. Nataka kujua vimeishi humo muda gani, na kama vilianza na kuku wa nani. Kweli nataka kujua.

Sasa umeuliza linaoshwa na nini. Kila mwezi ofisi ya afya inatupa sisi wakataji dumu la lita tano la sabuni ya maji, ya kuua vijidudu, ya kuoshea magogo. Nasaini daftari, nabeba dumu. Gogo nilikuwa nalipangusa kwa kitambaa tu, jioni, likikauka basi. Ile sabuni inanukia limau. Nilikuwa naogea.

Miaka yote hiyo, mpwa wangu. Mtu akikata kuku kutwa, harufu inaingia mpaka kwenye nywele, na maji hayaitoi. Pale benchi la kinyozi nikikaa watu walikuwa wanasogea, wananiachia nafasi kubwa, huku na huku. Nimekuwa nikiwaambia watu ni heshima.

Mjomba wako